Tulivyovuka Bahari Kumsikiliza Bi Kidude

Zaidi ya miaka kumi imepita tangu Bi Kidude atangulie mbele ya haki, tarehe 17 Aprili 2013, na hata sasa hapa Mombasa haupiti msimu wa harusi bila ya sauti yake kusikika kutoka nyumba fulani. Mabinti wetu hutuuliza kama tulipata kumwona. Tulimwona, mara moja tu, katika Ngome Kongwe ya Unguja, tukiwa na mwenzetu ambaye jina lake tunalisitiri. Twajua wako miongoni mwenu wasiopenda habari za muziki. Hao tunawaomba radhi, na wayachukue maneno haya kuwa ni habari za safari.

Mwenzetu huyu ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo za vugo katika harusi za mtaani kwetu. Yeye akitoa, pembe zikigongwa, wanawake wote huitikia, na harusi aliyokosekana ilihesabiwa kuwa haikunoga. Alipofiwa na mumewe alikaa eda miezi minne na siku kumi kama ilivyoamrishwa. Eda ikaisha, kimya chake kisiishe. Mwaka ukapita, wa pili ukaingia. Akialikwa harusini alikimbilia jikoni kumenya vitunguu, na katika maulidi ya wanawake hata kasida alikuwa haitikii. Marehemu alikuwa amemuahidi kumpeleka Unguja kumsikiliza Bi Kidude kwa masikio yake, na tangu afariki, zile kanda alizomnunulia zilikuwa zimefungiwa kabatini.

Wako waliosema kuwa mjane hafai kuonekana kwenye tamasha. Sisi tuliona kwamba eda ina mwisho wake, na aliyeuweka mwisho huo si majirani. Tuliona pia kwamba mwimbaji mwenyewe alikuwa mkongwe mno, wala haikuwa busara kumwekea miadi ya mwakani. Basi mwezi wa Februari, wakati wa tamasha la Sauti za Busara, tukafunga mizigo. Kijana wake mkubwa akatusindikiza.

Tulivuka feri ya Likoni baada ya swala ya alfajiri. Barabara ya kusini twaijua sote hadi Ukunda. Baada ya hapo minazi huanza kuachana, na Lungalunga hufika ghafla. Ng'ambo ya mpaka ni Horohoro, ambako walitaka kuona kadi ya chanjo ya homa ya manjano, nasi twawashauri wasafiri wasiiache nyumbani. Tuliipita Tanga jua likiwa kali. Muheza machungwa yaliuzwa madirishani, na yalikuwa matamu kama sifa zake. Hale tukauvuka mto Pangani, na Segera tukaingia barabara kuu itokayo Moshi. Hapo tuliswali adhuhuri na alasiri kwa kukusuru na kujumuisha, nyuma ya mkahawa, kwenye mkeka tulioazimwa na muuza chai. Njia nzima mwenzetu hakusema zaidi ya maneno kumi. Usiku ulitukuta Dar es Salaam, tukalala kwa jamaa zetu Ilala.

Asubuhi tulipanda boti. Safari ni ya saa mbili hivi, na wenye kuchafukwa na moyo wakae nyuma, ambako chombo hakirukiruki sana. Ulipoonekana mnara wa taa wa Chumbe, abiria wakaanza kusimama, na mji ukajitokeza mbele yetu, mweupe, umeinama juu ya maji.

Mtu wa Mombasa akiingia Unguja hahisi ugeni. Baraza ni zile zile, milango ya nakshi ni ile ile, na harufu ya iliki na karafuu itokayo madirishani ni ya nyumbani. Lugha ndiyo iliyotuchekesha. Katika nyumba tuliyofikia, mwenzetu alimwita mjukuu wa mwenyeji wetu kwa Kimvita chetu: "Ndoo, mwanangu!" Mtoto akatii mbio, akarudi amebeba ndoo ya maji. Ndiyo mara ya kwanza tuliyomwona mwenzetu akicheka katika safari ile.

Ngome Kongwe imeelekea Forodhani, ubavuni mwa Beit al-Ajaib. Waarabu wa Oman waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno, mahali palipokuwa na kanisa. Baada ya swala ya isha tuliketi ndani ya kuta hizo, upande waliokaa wanawake wa mji, mbali na wageni waliosimama mbele na kamera zao. Wapigaji wakatangulia: kanuni, fidla, udi, akodiani, dumbaki. Kisha akaja yeye, ameshikwa mkono, mdogo wa umbo kuliko tulivyomdhania.

Jina lake ni Fatuma binti Baraka, na baba yake alikuwa muuza nazi. Mwaka wake wa kuzaliwa haukuandikwa. Yaliyo ya yakini ni kwamba utotoni alimsikia Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili. Bi Kidude hakujaaliwa mtoto, lakini mabinti aliowafunda unyagoni, kwa ngoma na kwa maneno, hawana idadi. Ulimwengu ulichelewa kumjua: tuzo ya WOMEX alipewa mwaka 2005, umri ambao kwetu bibi hupewa tasbihi na pembe ya chumba.

Alipofungua kinywa tulistuka. Sauti ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo, haikupakwa asali hata kidogo. Na jambo moja kanda zilikuwa zimetuficha. Katika kanda tulidhani yeye hufuata ala. Pale tuliona ala zikimfuata yeye. Alikuwa akisita katikati ya ubeti, avute pumzi yake ya kizee bila haraka na bila haya, na fidla zote zilingoja, zikizunguka pale pale mfano wa boti ingojayo maji kujaa, mpaka atakapokuwa tayari. Hakuna aliyemharakisha. Mama mmoja wa Kiunguja aliyekaa kando yetu alitwambia, "Wanangu, huyu hata kifua kikimbana, haachi."

Mwenzetu hakujibu. Tulimwona akifungua fundo la pindo la leso yake, akatoa noti. Kutunza twakujua, ni ada yetu pia. Lakini alikuwa hajasimama mbele ya watu tangu siku ya msiba. Mwanawe alitaka kumzuia, tukamshika mkono. Akapita katikati ya umati, buibui lake likiburura vumbi la ngome, akafika jukwaani na kuiinua noti ile. Bibi akainama, akaipokea. Na kibwagizo kilipofika, mwenzetu alikuwa bado amesimama pale chini, akaitikia. Kwa wingi wa watu hatukumsikia, bali tuliuona mdomo wake, na tulimwona mwanawe akigeuza uso kuelekea ukutani.

Tulirudi kwa miguu kupitia vichochoro vya Shangani, tukinunua juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu. Siku ya pili tulikwenda Darajani kununua leso, tukachagua kwa majina mpaka muuzaji akachoka. Ndani ya boti ya kurudi mwenzetu alidai kwamba tumekuwa tukikosea neno moja la wimbo ule tangu utotoni. Sisi tukakataa, yeye akauimba ubeti mzima ili kuthibitisha, na akina mama wa kiti cha nyuma wakaingilia kati, nusu upande wake na nusu upande wetu. Tulipofunga gati Dar es Salaam ubishi ulikuwa bado haujakatika.