Anwani ya Mkahawani

Mlangoni mwa Café Central, mjini Vienna, miguu ilinigomea. Mkahawa huu ulifunguliwa mwaka 1876, na nguzo zake ndefu zilikuwa kama zinaniuliza cheti. Nami elimu yangu yote ni ya barazani, kwa kahawa chungu na kuwasikiliza wazee.

Karibu na mlango imeketi sanamu ya mwandishi Peter Altenberg, aliyefariki mwaka 1919. Huyu alianza sheria, akajaribu utabibu, asihitimu popote. Barua zake zikiletwa hapa hapa mkahawani.

Nikaketi jirani naye. Kahawa ikaja na bilauri ya maji. Kutwa nzima nilitafsiri beti mbili, na hakuna aliyeniinua. Kumbe baraza ni baraza, hata iwe na nguzo za mawe.