Staa na Rili Yake, na Fimbo Niliyomchagulia Mzee

Wadau, kuna msanii mmoja, jina kapuni, alikuja Singida kula sikukuu akapiga picha kando ya Ziwa Singidani. Miwani meusi, kofia ya pama, mkononi kashika fimbo ya kuvulia ya kisasa inayong'aa. Picha ikazunguka kwenye magrupu yote ya mjini. Watu wakaisifia fimbo, wakasifia miwani, hadi mzee mmoja wa grupu letu akauliza swali dogo tu: "Mbona rili imekaa mgongoni?"

Kumbe kweli. Rili aliyofunga staa wetu ni ile ya wazi, ambayo mshipi unajizungusha kwenye kikombe. Ile inakaa chini ya fimbo, inaning'inia, na pete za fimbo zinaelekea chini pamoja nayo. Rili inayokaa juu ni nyingine, ile yenye pipa dogo linalozunguka lenyewe, mshipi unatoka ukilindwa na dole gumba. Staa alikuwa na ya chini kaiweka juu. Tulicheka siku mbili.

Mimi nilicheka nusu tu. Nusu nyingine nilikuwa nawaza: angejifunzia wapi? Maduka yote niliyopita hapa mjini nilikuta mishipi ya kufunga kwenye kipande cha mti, ndoano, chubwi na nyavu. Uvuvi wetu ni wa mkono na mtumbwi. Fimbo ya rili tunaiona kwenye simu. Na mimi wakati huo nilikuwa na sababu ya kuzisoma fimbo hizo usiku kucha, maana mdogo wangu anayeishi Marekani alikuwa anakuja Desemba na aliniambia: "Kaka, nambie fimbo gani nimletee baba. Moja tu, sina nafasi ya mbili."

Baba yetu ni mtu wa Iramba, na Ziwa Kitangiri analijua kama kiganja chake. Alivua kambale tangu hajaoa. Miaka mitatu iliyopita kiharusi kilimpiga upande wa kushoto. Mguu ulirudi, mkono ulirudi robo. Unashika, hauinui. Kuvuta mshipi kwa kupokezana mikono, kama alivyozoea, haiwezekani tena. Samaki tunamnunulia, anakula kidogo, anasukuma sahani. Siku moja alimwambia mama, sisi tukiwa tunasikia, kwamba mtu asiyeweza kumtoa samaki majini hana haki ya kumlalamikia mwenye kuuza. Hapo ndo nikajua hii fimbo siyo zawadi ya mapambo.

Mdogo wangu akatuma picha za fimbo tatu. Zote zinauzwa kwa wavuvi wa besi, samaki wa Marekani mwenye mdomo mkubwa. Usidhani ni samaki wa mbali sana na sisi. Jirani zetu Kenya wanaye pale Naivasha tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, alipopandikizwa. Huko duniani watu wamemfanyia wazimu. Rekodi yake ni ratili 22 na wakia 4, kama kilo 10 hivi, iliyowekwa na George Perry huko Georgia mwaka 1932, na ikakaa miaka 77 hadi Mjapani Manabu Kurita alipoifikia kwenye Ziwa Biwa mwaka 2009. Wanaosaka besi wa namna hiyo hawatumii chambo cha kitoto. Wanarusha samaki wa bandia mkubwa kama perege wa kukaanga, na kwa ajili hiyo zikatengenezwa fimbo za kubeba chambo kizito. Hizo ndizo nilizokuwa nazitazama.

Swali la kwanza mtu atakaloniuliza: kambale wa Kitangiri na chambo cha bandia wapi na wapi? Swali zuri. Kitangiri ni ziwa la kina kifupi na maji yake yana tope. Kambale anatumia pua na zile sharubu zake kuliko macho. Anataka kitu kinachonuka: utumbo wa kuku, kichwa cha perege. Samaki wa plastiki wa rangi saba atampita bila salamu. Lakini fimbo haijui kama unarusha plastiki au utumbo. Fimbo inajua uzito tu.

Hilo ndilo jambo la kwanza la kusoma, na limeandikwa pale juu kidogo ya mpini kwa herufi ndogo. Kuna uzito wa chambo kwa wakia, na nguvu ya mshipi kwa ratili. Wakia moja ni kama gramu 28. Fimbo ya kwanza ya mdogo wangu iliandikwa robo wakia hadi wakia moja, yaani gramu 7 hadi 28. Hiyo ni fimbo ya besi wa kawaida. Ya pili iliandikwa wakia 2 hadi 6, gramu 57 hadi 170. Ya tatu wakia 3 hadi 8, gramu 85 hadi 227.

Nikaenda sokoni na mzani wa dukani nikaazima. Kichwa cha perege wa wastani pamoja na ndoano kilinipa gramu 100. Chubwi ya kutulia chini gramu 30. Jumla 130. Fimbo ya kwanza ikafa hapo hapo. Ukiirushia gramu 130 fimbo ya gramu 28, utarusha chambo na nusu ya fimbo. Na kinyume chake pia ni kweli: fimbo ya wakia 8 ukiirushia kijichambo cha gramu 10 haipindi, na fimbo isiyopinda hairushi, ni fagio.

Zikabaki mbili, na hapo ndipo mimi na mdogo wangu tukaanza kuvutana. Yeye aliitaka ya tatu: futi 8, kaboni tupu, ngumu, nyepesi, kipande kimoja, na bei yake ndo usiseme. "Kaka, baba anastahili kilicho bora." Mimi niliitaka ya pili: futi 7 na inchi 6, kaboni iliyochanganywa na faibaglasi, nzito kidogo mkononi, vipande viwili, mpini mrefu. Bei nusu. Mdogo wangu akadhani nambania mzee.

Sikubishana naye kwa maneno. Nilikata mianzi miwili kwa urefu wa fimbo hizo, nikafunga kidumu cha lita moja ya maji kwenye ncha ya kila mmoja, nikampa baba. Kilo moja tu. Nikamwambia abane kisigino cha mwanzi chini ya kwapa la kulia, ashike kwa mkono wa kulia, ainue. Mwanzi wa futi 8, akiwa ameshika sentimita 20 kutoka kwapani, uliinuka shubiri moja ukashuka. Nikamsogeza mkono mbele hadi sentimita 40 kutoka kwapani. Akainua, akakaa nao.

Hiyo siyo miujiza, ni mzani. Fimbo ya kuvulia ni kama ule mzani wa mkono wa wauza pamba: samaki ana upande mrefu, wewe una upande mfupi. Mkono wako ndio egemeo. Ukiurefusha upande wako mara mbili, kutoka 20 hadi 40, mzigo unaoubeba mkono unapungua karibu nusu. Kwa hiyo mpini mrefu nyuma ya rili, ambao vijana wengi wanauona kama urembo, kwa mtu wa mkono mmoja ndio fimbo yenyewe. Ya pili ilikuwa nao. Ya tatu, pamoja na urefu wake wote, mpini wake ulikuwa mfupi kuliko huo.

Halafu kuna kupinda. Kuna fimbo zinazopinda kwenye ncha tu, na kuna zinazopinda hadi kiunoni. Kaboni ngumu ya ncha inakupa taarifa haraka, samaki akigusa unajua. Lakini ikiwa ngumu inabaki ndefu, na urefu wote huo unamfanyia kazi samaki. Iliyochanganywa na faibaglasi inapinda taratibu hadi katikati, na kila inavyopinda ndivyo ule upande wa samaki unavyokuwa mfupi. Tena inameza yale mateke ya kambale anapokaribia ukingo, ndoano isichanike mdomoni. Kijana mwenye mikono miwili hatausikia sana utofauti huo. Baba angeusikia kwenye bega.

La mwisho ni safari. Futi 8 kipande kimoja ni sentimita 244. Mashirika mengi ya ndege yanataka urefu, upana na kimo cha begi, ukivijumlisha, visizidi sentimita 158. Ya pili ikigawanywa inakuwa kama sentimita 115 kila kipande, inaingia kwenye bomba la plastiki la fundi bomba na bado inabaki ndani ya kipimo. Na baada ya ndege kuna basi la Singida, na kondakta ambaye mzigo mrefu anaulaza chini ya magunia ya alizeti.

Nilimrekodi mdogo wangu video ya baba na kidumu. Hakujibu siku nzima. Kesho yake akaandika: "Ya pili. Na rili?"

Rili nikamwambia ile ya pipa, ya kukaa juu, mkono wa kuzungushia upande wa kulia. Wataalamu wengi siku hizi wanapenda kushoto, wabaki kurushia kulia bila kubadilisha mkono. Kwa baba kulia ndiko kuna uhai. Mshipi wa nailoni wa ratili 25, kama kilo 11, kwa sababu unavutika kidogo na kusamehe. Ule uzi wa kusuka una nguvu zaidi kwa unene huo huo, ila hauvutiki, na ukimkatika mtu mkononi unakata ngozi.

Desemba ikafika. Kabla ya kwenda nilipita ofisi ya uvuvi kuuliza leseni na kama ziwa liko wazi kwa kuvua wakati huo. Msiruke hatua hii, wadau. Sheria ya uvuvi haimwangalii mtu kwa kuwa anavua kwa starehe.

Tulienda alfajiri, kabla upepo wetu huu wa Singida haujaamka, maana ukishaamka unakurudishia chambo usoni. Nilichomeka panda kwenye tope, ile ya mti kama ya manati, fimbo ilale juu yake. Kurusha nilirusha mimi. Baba alikaa kwenye kiti cha plastiki, mkono wa kushoto umelala juu ya fimbo, wa kulia tayari. Mdogo wangu alisimama nyuma na simu.

Ilipita saa nzima. Kisha ncha ikaenda chini mara moja, taratibu, kama mtu anayeitikia kwa kichwa. Mimi nikanyanyuka. Baba akasema, "Kaa." Akabana kisigino kwapani, akainua, fimbo ikapinda hadi katikati, akairudisha kwenye panda akazungusha mizunguko minne. Akainua tena. Akarudisha. Alikuwa anahema kama aliyepanda mlima Sekenke kwa miguu. Mdogo wangu alisogea kumsaidia, nikamshika shati.

Kambale alikuwa na urefu wa mkono wangu kuanzia bega. Nilimshika mimi, kwa sababu miiba yake ya ubavuni haina huruma. Baba alimtazama muda mrefu. Mdogo wangu akauliza kama fimbo siyo nzito. Baba akamjibu, "Uzito wa fimbo niachie mimi. Wewe nenda kamwambie mama yako leo asinunue mboga."

Jioni alikula sahani mbili, na alilalamika kwamba chumvi imezidi. Mama akatoka nje kidogo, akarudi amenawa uso.

Fimbo sasa iko juu ya kabati la baba, vipande viwili ndani ya bomba lake. Mwanangu wa darasa la sita ndiye mrushaji rasmi, na kila Ijumaa babu anampigia simu kuuliza kama ana homuweki. Mwenye uzoefu wa kambale wa maziwa yetu haya ya bara, atuandikie hapa chini anatumia chambo gani. Utumbo wa kuku wa kienyeji tunao wa kutosha.