Sikio la Fundi: Tanakali za Sauti katika Gereji za Voi

Sikio halilali na njaa, walinena wahenga. Mjini Voi msemo huu una uzito wa pekee kwa mafundi wa magari. Mji huu umekaa penye njia panda: barabara kuu ya kutoka Nairobi kwenda Mombasa inapita hapa, na hapa ndipo inapochepuka ile iendayo Mwatate na Taveta hadi mpaka wa Tanzania. Malori ya masafa marefu, matatu na magari ya watalii watokao Tsavo, yote huingia gerejini na milio yake. Kabla ya kushika spana, fundi husikiliza. Na kabla ya kusikiliza, huuliza swali moja: “Inalia vipi?”

Swali hilo huonekana jepesi, lakini ndilo linaloamua iwapo mwenye gari ataondoka jioni hiyo au ataacha injini yake vipande vipande juu ya gunia.

Ugumu wake hudhihirika zaidi katika magari ya zamani yenye injini kubwa, hasa yale ya Kimarekani ya silinda nane. Haya si magari ya kila siku katika Taita Taveta, ila si mageni kabisa. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na tangu 2003 yamekuwapo pia mashindano ya magari ya zamani ya Afrika Mashariki, ambayo yamewahi kupita katika nyika za kaunti hii. Mwaka 2009 mshindi wake alikuwa Ian Duncan wa Kenya, akiendesha Ford Mustang. Gari la namna hii halina kompyuta ya kumwambia fundi silinda ipi imelala. Lina mlio na mtetemo tu, na mwenye gari anayejaribu kuvieleza kwa maneno.

Aghalabu mwenye gari huja na neno moja tu. “Fundi, gari inanoki.” Neno hili, lililozaliwa gerejini kutokana na Kiingereza, huogopwa kama hukumu. Injini iliyonoki ni injini ambayo beringi zake za ndani zimelika, na dawa yake ni kuifungua yote. Kwa Mustang ya miaka ya sitini, beringi hizo hazipatikani dukani Voi. Huagizwa kutoka ng’ambo. Fundi asiye mwangalifu akilipokea neno hilo jinsi lilivyo, ataanza kulegeza bolti. Fundi mwenye busara husema, “Pole, mwanangu. Hebu tusiiue kabla haijafa. Inalia ta-ta-ta au du-du-du?”

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopaswa kutega sikio. Tanakali za sauti hufundishwa darasani kama pambo la insha: mtoto hulia kwi kwi kwi, mzigo huanguka pu, basi alama zikapatikana. Gerejini tanakali si pambo. Ni ushahidi. Ta-ta-ta nyepesi ya juu humwelekeza fundi kwenye tapeti, vile vipande vinavyosukuma valvu. Du-du-du nzito itokayo chini, inayozidi injini inapobebeshwa kazi, humwelekeza kwenye beringi za kranki, yaani ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Tss-tss-tss inayosikika asubuhi na kupungua injini ipatapo moto huenda ikawa ni gesi inayovuja pale ekzosi inapofungwa kwenye injini, kwani chuma kikipata joto hutanuka na kuziba ufa. Mlio huo wa mwisho hufanana mno na ule wa tapeti, na wengi wamefungua tapeti zisizo na kosa.

Baada ya tanakali huja mapigo, na hapa mshairi angejiona yu nyumbani. Injini ya silinda nane hulipua mafuta mara nane katika kila mizunguko miwili ya kranki, kama kipande cha mshororo chenye mizani nane. Inaponguruma taratibu kwa mizunguko 600 kwa dakika, hiyo ni milipuko 40 kwa sekunde. Hakuna sikio liwezalo kuihesabu. Hata hivyo, silinda moja ikilala, pengo hutokea mara tano kwa sekunde, na pengo hilo husikika waziwazi, hali kadhalika mwili mzima wa gari hulitetemea. Ndivyo ilivyo pia kwa mzoefu wa mashairi: hahesabu mizani vidoleni, bali hushtuka utao unapopungukiwa na mmoja. Mafundi wa Kenya husema gari hilo “linamisi”. Ili kuijua silinda yenyewe, fundi huchomoa waya za plagi moja moja kwa koleo yenye mpini wa mpira. Akichomoa na mwendo wa injini usibadilike, basi ameipata iliyolala. Na iwapo kuna mgongo wa chini unaopungua waya fulani inapochomolewa, ameipata silinda ambayo beringi yake imelika.

Hali kadhalika, mtetemo una maswali yake. Je, unazidi gari likiwa limesimama na mafuta yakikanyagwa? Basi chanzo ni injini au kilichofungwa nayo. Je, unafuata mwendo wa magurudumu, hata gia ikitolewa na gari kuachwa liteleze? Basi injini haina hatia. Atazamwe shahidi mwingine: propela na jointi zake, beringi za magurudumu, au tairi lisilo na uwiano. Wakati mwingine injini ni nzima kabisa, ila mipira inayoibeba imechoka kwa umri na kila mtetemo wa kawaida unapenya hadi kwenye usukani.

Milima nayo ni chombo cha kupimia. Barabara ya kutoka Mwatate kupanda Wundanyi ina kona na miinuko inayoilemea injini, na kinachojificha tambarare hujitoa hapo. Mlio kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo, unaosikika mlimani na kunyamaza mguu uondolewapo, mara nyingi humaanisha kwamba cheche inawaka mapema mno au petroli haiifai injini yenye mgandamizo mkubwa. Dawa yake yaweza kuwa kurekebisha majira ya cheche, kazi ya dakika chache. Naye mwenye gari alikuwa ameiita kunoki.

Kwa hivyo neno moja lililotumiwa kwa milio mitano linaweza kumgharimu mtu injini nzima. Hilo halitokani na uhaba wa Kiswahili. Lugha hii ina kugonga, kugota, kukwaruza, kukereza, kuvuma, kukoroma, kutetema na kupiga mluzi, na kila kitenzi kina mahali pake chini ya boneti. Uhaba ni wa kuyakusanya. Vijana wanaosomea ufundi husoma vitabu vya Kiingereza, kisha hukutana na wateja wanaozungumza Kiswahili. Mzee aliyejua kuunganisha mlio na neno anapostaafu, huondoka na kamusi isiyoandikwa.

Mwanaisimu anayetafuta istilahi hana haja ya kuzibuni zote mezani. Akienda gerejini na daftari, na aandike kila neno pamoja na mambo manne: mlio wenyewe, mapigo yake, wakati unapotokea, na kifaa kinachoutoa. Kidahizo cha namna hiyo kitamfaa mwanafunzi wa tanakali, na kitamfaa zaidi dereva aliyekwama Voi usiku, ambaye kati yake na nyumbani kuna injini inayolia na fundi anayesubiri kuambiwa inalia vipi.