Safari ya Mombasa na Laptopu ya Zamani



Tuliondoka Malindi baada ya Sala ya Alfajiri, sisi, mama watoto na binti yetu wa tatu, tukapanda matatu iendayo Mombasa. Binti alikuwa ameipakata laptopu yake ndani ya mkoba wa kitambaa alioshonewa na nyanyake. Shuleni watoto hufunzwa kukiita kifaa hicho kipakatalishi, na siku ile, tukimtazama alivyokikumbatia, tuliliona neno hilo kuwa zuri sana. Lakini hatujamsikia muuzaji hata mmoja akilitamka, kwa hivyo nasi tutasema laptopu kama wasemavyo watu.

Laptopu ile tuliinunua ikiwa imeshatumika, alipokuwa kidato cha pili, na ilimfaa. Sasa amepata nafasi katika chuo kikuu kilichoko Tudor kusomea uhandisi wa ujenzi, na programu za kuchorea ramani za majengo zilikuwa zikiigandisha kila zikifunguliwa. Tena ilikuwa ikitumia mfumo wa Windows 10, ambao kampuni ya Microsoft iliacha kuutolea masasisho yake ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, nayo ilikuwa ya zamani mno kuupokea mfumo uliofuata. Fedha za kununua nyingine hazikutosha ila hii ya kwanza iuzwe.

Njia ile twaijua kama tuijuavyo njia ya msikitini. Gede, kisha msitu wa Arabuko-Sokoke mkono wa kulia, kisha Kilifi, ambako sisi wa umri huu twakumbuka kungoja feri kabla ya kujengwa daraja. Mkonge wa Vipingo, zogo la Mtwapa, na mwisho Daraja la Nyali, ambapo kisiwa cha Mombasa hujitokeza ghafla na kila abiria huanza kutafuta viatu vyake.

Maduka ya simu na kompyuta yamejaa mjini kati, si mbali na Digo Road. Mengi ni vyumba vya mlango mmoja vilivyogawanywa kwa vioo, watu watatu au wanne wakiuza humo kila mmoja bidhaa yake. Tuliingia duka la kwanza lililokuwa na kiti cha kumkalisha mama.

“Karibu ustadhi,” kijana alisema. Aliichukua laptopu, akaipangusa, akaichomeka chaja yake mwenyewe, akaiwasha, akaangalia ukubwa wa diski. Hazikupita dakika tano. “Elfu kumi na nne.”

Hapa lazima tuseme ukweli wetu. Laptopu ile ilikuwa na maradhi. Betri yake haikumaliza dakika ishirini. Ikitumiwa nusu saa hupata joto, ikajizima. Na bawaba ya kushoto tuliigundisha sisi wenyewe kwa gundi, kwa ufundi ambao hata tulijisifu nao. Kijana hakuuliza, nasi tukanyamaza. Tulijiambia nafsini: huyu ni mjuzi wa kazi yake, ameitazama kwa macho yake, kama hakuona ni shauri lake. Haya aliyawaza mtu ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini amekuwa akiwasomesha watoto wa watu mlango wa biashara, na kila mwaka akiwasimulia kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la chakula, akaukuta umajimaji chini, akamuuliza mwenye mali kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu watu waione.

Aliyesema ni mama watoto. Alisema kwa sauti ya chini, bila kututazama: “Mwanangu, mashine hiyo hujizima yenyewe. Na betri imekufa.”

Binti aliinamisha kichwa. Sisi, baada ya kumeza mate, tukaongeza habari ya bawaba. Kijana alicheka, akaigeuza, akaona gundi, akasema elfu tisa. Elfu tano zilikuwa zimeondoka kwa maneno machache, na tukikiri, ziliuma.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Tulipokubaliana bei, binti alisema kuna vitu havijafutwa. Kijana akasema kwa wema tu, “Niachie mimi, nitazifuta hapa hapa.” Mama akauliza ni vitu gani. Zilikuwa picha za harusi ya dada yake: usiku wa wanawake, wamesukwa, wametiwa hina, hawana mitandio, wamecheza mpaka usiku wa manane. Wanawake wa mtaa mzima wamo. Mama watoto aliinuka, akaichukua laptopu mezani, akaitia mkobani. “Tutarudi,” akasema.

Tulitembea hadi Kibokoni, kwa shangazi. Mwenye kutoka Digo Road na kuingia Mji wa Kale huhisi tofauti hiyo mwilini: kelele hubaki nyuma, vichochoro hubana, kivuli huongezeka, na harufu ya kahawa huja kabla ya muuza kahawa mwenyewe kuonekana. Nyumba zile za kale zilijengwa kwa hesabu ya sitara. Ngazi ya ndani hupinda, ili afunguaye mlango asiwaone waliokaa ndani. Tulipokuwa tukipanda ngazi hiyo tulikumbuka kuwa tumebeba mkononi nyumba nyingine, isiyo na mlango kabisa.

Binti alitueleza, nasi twayaandika kwa ajili ya mama na mabinti wasomao ukurasa huu. Kuifuta picha kwa kawaida, hata kuiondoa kwenye pipa la taka la kompyuta, mara nyingi ni kama kung'oa kibao cha jina mlangoni: nyumba na vilivyomo vingalimo, na mwenye programu ifaayo aweza kuvirudisha mpaka pale mahali pake patakapoandikwa kitu kingine. Kwa hivyo alianza kwa kunakili vyote kwenye flashi, akatoka katika akaunti zake zote, kisha akaingia kwenye mipangilio, akachagua kuirejesha mashine upya kwa kuondoa kila kitu. Hapo kuna chaguo la ziada, ambalo wengi hulipita, la kuisafisha diski yenyewe. Hilo ndilo lenye kazi, nalo huchukua muda. Kwa kuwa betri ilikuwa imekufa, shangazi alivuta kiti akakaa mbele ya swichi ya ukutani na tasbihi yake, kuwazuia wajukuu wasichomoe waya. Tuliswali Adhuhuri, tukala wali na samaki wa kukaanga, mashine ingali inazunguka. Iliisha karibu na Alasiri.

Katika ngojangoja ile mama watoto aliuliza swali. Ikiwa tutatoa laptopu kuukuu, tuongeze pesa, tupewe mpya, je, si riba? Tulimwambia kuwa laptopu si katika mali za riba, hivyo kuibadilisha kwa nyingine na kuongeza fedha kunafaa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Na bangili?” Tulijua aulizalo. Dhahabu kwa dhahabu lazima ilingane uzani na ipokewe papo hapo. Mwenye bangili kuukuu na aiuze kwanza kwa pesa, azipokee, kisha anunue mpya kwa biashara nyingine. Yeye na shangazi walitazamana. Mwaka fulani walikwenda pamoja kwa sonara, wakatoa bangili na kuongeza pesa. Hawakuwa wametuuliza, nasi hatukuwahi kuwaambia, ijapokuwa suala hilo tulilisomesha wanafunzi kila mwaka.

Tulirudi dukani. Kijana alitimiza neno lake la elfu tisa. Akatuonyesha laptopu iliyotumika Ulaya, kwa shilingi 34,000 taslimu, au 42,000 kwa malipo ya miezi sita, na faini kwa kila mwezi utakaochelewa. Bei ya mkopo kuzidi ya taslimu si tatizo, maadamu mnaagana mmeshakata shauri ni ipi. Ile faini ndiyo iliyotukimbiza. Tulilipa taslimu, baada ya kumwomba shangazi mkopo wa elfu nne. Risiti ilikuwa na muhuri usemao mali ikiuzwa hairudishwi. Tulimwomba aandike kwa mkono khiyari ya siku tatu, akaandika bila ubishi. Alisema aliyemwambia aibu ya mali yake mwenyewe hawezi kumnyima siku tatu.

Jua likielekea kuchwa tulipita Tudor, binti apate kuliona lango. Tulimweleza kuwa mahali pale palianza kwa jina la Chuo cha Elimu ya Kiislamu cha Mombasa, MIOME kama walivyokiita wazee, kilichofunguliwa kwa wanafunzi mwaka 1951 kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na Mabohora, ili vijana wa Kiislamu wapate ufundi. Kikawa polyteknik mwaka 1972, na chuo kikuu kamili mwaka 2013. Alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza kama mabweni ya wasichana yana soketi za kutosha.

Tulipokuwa tukivuka daraja la Kilifi usiku, simu ililia. Ni yule kijana. Alikuwa amepata mteja wa laptopu yetu, lakini chaja haikuwemo. Mama watoto alifungua mkoba wake, akapapasa, na chaja ikatoka, ingali imefungwa kwa kitambaa cha shangazi. Tuliituma asubuhi kwa gari la kwanza, na ada ya mzigo tukailipa sisi.