George Town: bandari ambayo usiku wake una wenyewe

MIONGONI mwetu, neno 'maisha ya usiku' limekwisha kuharibika. Likitajwa, picha inayokuja ni ya muziki unaotikisa kuta, chupa mezani, na vijana wanaorejea nyumbani wakati wazee wao wanatoka kwenda kuswali Alfajiri. Kwa hofu hiyo wazazi wengi wameuhesabu usiku wa mjini kuwa si wao. Wakafunga milango na kuwaachia wengine barabara. Lakini je, usiku hauwezi kuwa na wenyewe wengine? Ndugu msomaji, leo tunakupeleka George Town, mji mkuu wa Jimbo la Penang nchini Malaysia, bandari isiyo na haraka, ambako swali hilo limekuwa likijibiwa kwa vitendo kwa zaidi ya karne mbili, na ambako jibu lenyewe sasa limo hatarini.

Mji huu umekaa kisiwani, ukitenganishwa na bara kwa mlango wa bahari ambao vivuko huukata mchana kutwa. Mwaka 1786 Kapteni Francis Light wa Kampuni ya Kiingereza ya India ya Mashariki alifungua hapo bandari isiyotoza ushuru, na wafanyabiashara wakamiminika: Wachina, Wahindi, Wamalay, watu wa Acheh na Waarabu wa Hadhramaut. Athari zao zingali zimesimama. Katika barabara moja, kwa mwendo mfupi wa miguu, mtu hupita kanisa la Kianglikana la mwaka 1818, hekalu la Kichina, hekalu la Kihindu la mwaka 1833, kisha akafika Msikiti wa Kapitan Keling, ulioasisiwa mwaka 1801 na Cauder Mohuddeen, kiongozi wa Waislamu waliotoka kusini mwa India.

Hatua chache kutoka hapo upo msikiti mwingine, wa mtaa wa Lebuh Acheh, uliojengwa mwaka 1808 na Tengku Syed Hussain Al-Aidid, tajiri wa Acheh aliyekuwa sharifu wa asili ya Hadhramaut. Msomaji wa Lamu, Mombasa au Unguja hatashangaa kulisikia hilo, kwani masharifu wa Hadhramaut waliokwea majahazi kuja kwetu walikuwa na ndugu zao waliokwenda mashariki. Mtaa huo ulikuwa kituo kikubwa cha mahujaji. Waliotoka vijijini walilala katika nyumba zake, wakanunua mahitaji ya safari madukani mwake, kisha wakapanda meli ya kwenda Jeddah, mpaka safari za Hijja za baharini zilipokoma katika miaka ya 1970.

Tuje kwenye usiku wenyewe. Mwaka 1982 saa za rasi ya Malaysia zilisogezwa mbele kwa nusu saa ili zilingane na za Sabah na Sarawak. Kwa hiyo, katika miezi mingi, jua la George Town huzama baada ya saa moja usiku, na adhana ya Isha husikika kati ya saa mbili na saa tatu. Mchana ni wa joto zito lenye unyevu. Watu huutumia kwa kufanya kazi na kujificha kivulini. Magharibi ikishaswaliwa, upepo wa baharini huanza kupenya vichochoroni, nao mji hutoka nje.

Hutoka mji mzima, si vijana peke yao. Karibu na ngome ya Cornwallis, katika uwanja wa Padang Kota Lama unaopakana na bahari, utawaona bibi na babu wameketi ukutani, baba anamfukuzia mtoto mpira, mama wa Kimalay na mtandio wake anawagawia wanawe vitafunwa. Mitaani, nyumba za zamani zina duka chini na makazi juu, na mbele yake pana kibaraza kilichofunikwa ambacho wenyeji hukiita 'kaki lima', yaani futi tano, kutokana na upana wake. Sisi wa pwani tungekiita baraza bila kusita, kwa kuwa kazi yake ni ile ile: kumkinga mpita njia na mvua na jua, na kuwakalisha majirani jioni.

Chakula ndicho kinachowakutanisha. Mlo uliosifika zaidi ni 'nasi kandar', wali unaomiminiwa michuzi ya aina kadhaa kwa mpigo, ukawekewa samaki, kuku au bamia. 'Kandar' ni ule mti wa mabegani, wenye mzigo huku na huku, ambao kwetu huitwa mzega. Waislamu wa Kitamil walizunguka nao bandarini wakiwauzia makuli wali. Leo mzega umetoweka, lakini mikahawa ya wajukuu wao hufunguliwa mpaka usiku wa manane, na mingine haifungwi kabisa. Humo utamkuta dereva wa teksi wa Kichina, mwanafunzi wa Kihindi na imamu aliyemaliza kuswalisha Isha, meza moja, kila mtu na bilauri yake ya chai ya maziwa iliyomiminwa kutoka juu mpaka ikatoa povu. Hapana pombe, hapana nguruwe, na hapana anayeona kuwa amepungukiwa na kitu.

Imepokewa kwamba Mtume (SAW) alichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake. Wanazuoni wakafafanua kuwa mazungumzo ya elimu, ya mtu na ahali zake, au ya kumkirimu mgeni hayamo katika makatazo hayo. Basi usiku wa George Town una sura zote mbili. Upande mmoja ni huo wa familia na wageni. Upande wa pili, katika vichochoro vya Love Lane na Chulia, zipo baa za watalii, na wanaokesha humo wapo. Muislamu anayezuru hana budi kuchagua njia yake, na aulizie alama ya halali kabla ya kuketi.

Hatari tuliyoitaja haitoki kwenye baa. Inatoka kwenye kodi ya nyumba. Kwa miongo mingi sheria ilizuia wenye nyumba wa mji wa kale kupandisha kodi, na ndiyo iliyowabakiza mafundi, wauza vyakula na wajane karibu na msikiti. Kinga hiyo iliondolewa mwanzoni mwa mwaka 2000, na familia nyingi zikahama. Mwaka 2008 mji ukaingizwa pamoja na Melaka katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Wageni wakaongezeka, na nyumba nyingi za wapangaji zikageuzwa hoteli na migahawa. Kuta zimepakwa rangi nzuri kuliko zamani, lakini baraza iliyo mbele ya hoteli haina jirani wa kuikalia.

Kilichosaidia kupunguza madhara hayo ni wakfu. Waasisi wa misikiti ile miwili waliacha ardhi na nyumba zisizouzwa wala kurithiwa, na Lebuh Acheh na viunga vya Kapitan Keling vingali na mali za namna hiyo. Hata hivyo wakfu nao unataka mwangalizi mwaminifu: usimamizi mbovu wa mali hizo ndio uliosababisha serikali ya kikoloni kuunda bodi maalumu ya kuzisimamia mwaka 1905. Nyumba ya wakfu ikikodishwa kwa bei ya hoteli, imebaki wakfu kwa jina tu.

Hayo hayako mbali nasi. Mji Mkongwe wa Zanzibar umo katika orodha hiyo hiyo tangu mwaka 2000, na jioni za Forodhani bado zina watoto na wazazi wao. Tunapolalamika kuwa usiku wa miji yetu umechukuliwa na wahuni, tujiulize kwanza nani amebaki akiishi karibu na misikiti yetu, kwa kodi gani, na ziko wapi nyumba za wakfu walizotuachia wazee. Familia zikiwa na pa kuishi, usiku hupata walinzi wake bila kuajiri askari.