Baraza ya Kuazima na Nyumba Yetu



Sisi akina mama tunaoshughulikia sadaka za mayatima mtaani, kheri ya mitandao ya kijamii hatuikani. Tangazo la futari likitumwa WhatsApp baada ya Alasiri, kabla ya Magharibi limeshafika Malindi, Lamu, na kwa wana wetu walioko Ghuba. Mitandao hii ni mfano wa baraza za nyumba zetu za pwani: ndipo watu wakutanapo, na ndipo habari zisikikapo. Lakini hati za nyumba na amana za watu haziwekwi barazani, huwekwa ndani. Isitoshe, baraza yenyewe tumeazimwa, na mwenyewe akitaka huifunga.

Mwezi wa Shaabani uliopita, ukurasa wetu katika mtandao mmoja ulitekwa na watu tusiowajua. Jina letu na picha zetu waliviacha vilevile. Walichobadilisha ni nambari ya M-Pesa ya kutumia sadaka. Tulijua pale bibi mmoja alipotupigia simu kuuliza mbona mchango wake haukupokewa. Hatukuwa na pahali pengine pa kumwelekeza akahakikishe lililo letu na lililo la wezi.

Hata pasipo wizi, cha kuazima hakina dhamana. Mwezi Aprili 2019 Google iliufunga mtandao wake wa Google+, na kurasa za watu zikafutwa. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika duniani kote kwa takriban saa sita. Huku kwetu ikawa tangu baada ya Magharibi hadi kupita saa sita za usiku.

Ndiyo maana sasa tuna tovuti yetu. Ndani yake mna majina ya wadhamini, nambari moja ya kutolea sadaka, hesabu za kila mwaka na ratiba ya darsa. Mtu yeyote huifungua bila kulazimika kujiunga na mtandao wowote. Picha za mayatima hatukuzitia. Sitara yao nayo ni amana.

Kwa taasisi zinazotaka kufanya hivyo, hapa Kenya yapo majina yanayoishia na .or.ke, yaliyotengewa mashirika yasiyo ya kibiashara. Jina lisajiliwe kwa taasisi, si kwa kijana aliyeitengeneza tovuti. Neno la siri wawe nalo watu wawili au watatu waaminifu. Ada ya jina isisahauliwe, kwani jina lisilolipiwa huweza kuchukuliwa na mwengine.

Hatusemi baraza ihamwe. Tuendelee kuitana huko, ila kila tangazo limwonyeshe msomaji mlango wa nyumba. Wazee wetu walinena: mali bila daftari huisha bila habari. Atoaye kwa ajili ya Mwenyezi Mungu ana haki ya kujua daftari liko wapi, na kulikuta pale pale kila alitafutapo.