Kiungulia, Daku na Ubavu wa Kushoto

Baada ya darsa ya wanawake, bi mmoja wa makamo alituletea suali. Tabibu amemwambia alalie ubavu wa kushoto kwa sababu ya kiungulia, naye tangu utotoni chuoni alifunzwa kulalia wa kulia. Hulala kwa kulia, akakesha akikohoa, kwa kuhofia kuiwacha sunna. Suali hili lilitugusa, kwani sisi wenyewe tu wagonjwa wa maradhi haya, mwaka wa sita sasa.

Hadithi ya al-Baraa bin Azib, Mwenyezi Mungu amuwiye radhi, yatufunza kutawadha kisha kulalia upande wa kulia. Hilo ni jambo lipendezalo, lenye thawabu kwa alitendaye, lakini si faradhi, na kugeukia kushoto si haramu. Basi bibi na aanze kwa kulia, asome nyiradi zake, kisha ageuke bila ya wasiwasi.

Na tabibu ana sababu. Baina ya umio na tumbo pana msuli wa mviringo mfano wa mlango. Ukilegea, tindikali ya tumbo hupanda na kuunguza kifua. Kwa umbo la tumbo lilivyo, mwenye kulalia kushoto mlango huo hukaa juu ya tindikali, na mwenye kulalia kulia hukaa chini yake.

Ramadhani ndiyo yenye mtihani. Twafuturu kwa sambusa, bajia na viazi vya karai, juu yake mchuzi wa nazi, kisha twenda kurukuu na kusujudu tarawehe na tumbo limejaa hadi kooni! Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitugawia tumbo mafungu matatu: la chakula, la maji na la pumzi. Kwetu sisi fungu la pumzi limeliwa na kaimati. Nyumbani mwetu sasa hufuturu kwa tende, maji na uji, tukasali Magharibi, ndipo tukala kidogo. Kilichosalia hungoja baada ya tarawehe, nacho pia kwa kiasi, kwani mgonjwa hatakiwi kulala kabla ya kupita kama saa 3 tangu kula.

Daku ni zito zaidi, kwa sababu usingizi huwa karibu. Tulilolipata lenye faida mbili ni kula daku jepesi, kusali Alfajiri, na kubaki msalani na msahafu hadi jua lichomoze. Na maji machungu yakikupandia mchana bila ya hiari yako, saumu haikuharibika; yakifika kinywani, yateme. Kuyameza kwa kusudi, nawe waweza kuyatema, ndiko kunakofunguza.

Mito mingi kichwani haisaidii sana, kwani humkunja mtu kiunoni na kulibana tumbo. Fundi alituwekea vipande vya mbao chini ya miguu ya kitanda ya upande wa kichwani, inchi 6 kwenda juu. Wajukuu walidhani babu atateleza hadi mlangoni. Akina mama nao wasiikaze mno kanga kiunoni baada ya kula, hasa mwenye mimba. Kahawa tungu ya barazani tumeipunguza, kwa majonzi. Kila mtu na achunguze kinachomuudhi: kwa mmoja ni pilipili na ndimu, kwa mwengine ni nyanya. Mwenye uzito uliozidi, kuupunguza humfaa kuliko kubadilisha achari.

Kunywa magadi kila usiku hatukushauri, na mwenye shinikizo la damu ajihadhari nayo zaidi, kwa chumvi iliyomo.

Lakini chakula kikikwama kooni, au mwili ukikonda bila ya sababu, nenda kwa tabibu, usingoje. Ukitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami, au kifua kikabana na maumivu yakashuka mkononi au kupanda tayani, usikiite kiungulia: wahi hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku wa manane.